Mgao wa Nguo za Erina

Ujumbe wa Feresita ulimkuta Syahuka mkasi ukiwa umefika kiunoni mwa gomesi ya mwisho. Aliuleta Proscovia, bintiye, simu ikiwa bado mkononi, akiishika kama mtu aliyeokota kaa la moto na hajui alitupe wapi.

"Mama mkubwa anasema watakuja Jumamosi asubuhi, yeye na wadogo zake wote. Sanduku lifunguliwe kwanza, nguo za mama zigawiwe, ndipo anivike na kunikabidhi kwa akina Christophe. Zisipogawiwa, hanitoi. Anasema bibi arusi hatoki katika nyumba ambayo msiba wake haujafungwa."

Syahuka aliutazama mkasi, kisha akaitazama gomesi ile, gauni refu la rangi ya ndizi mbivu, nusu yake vazi, nusu yake matambara. Neno likikutoka vibaya hurudishwa kwa radhi. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa.

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia karibuni. Ningemwambia nini tena, baba? Kwamba sanduku limebaki na harufu?"

Katika ukoo wa marehemu Erina, mkewe, desturi ilikuwa hiyo tangu na tangu. Matanga yakiisha, ndugu wa kike wa marehemu huketi mkekani, sanduku likafunguliwa, kila mmoja akaondoka na vazi. Hapo ndipo watu husema sasa amezikwa. Lakini walipokuja kwa ajili ya Erina, Syahuka aliwakuta mlangoni, akarudi ndani, akalikalia sanduku.

"Serikali imeshamchukua mke," alisema siku ile. "Nguo itaniachia."

Maana Erina alikufa msimu wa mvua kubwa, daraja la kijito limezolewa na maji, na gari la wagonjwa limeegeshwa uani mwa zahanati bila tone la mafuta. Walimbeba kwa machela ya miti kwenye matelezi ya mlima, wakafika roho imeshaaga. Tangu hapo Syahuka alikuwa na jibu moja kwa kila jambo: wakubwa. Mvua ikichelewa, wakubwa. Kahawa ikikosa mnunuzi, wakubwa. Kuku wa jirani akiparua mche wa maharage, angeapa kwamba kuna ofisi iliyomtuma. Na miongoni mwa wakubwa hao alikuwamo Feresita, dada mkubwa wa Erina, diwani mwenye nyumba yake Kasese mjini, aliyeomba kura kwa ahadi ya gari lile lile.

Basi sanduku la bati likakaa chini ya kitanda kama jipu ambalo hakuna anayethubutu kulitumbua.

Panya hana habari na ugomvi wa watu. Aliingia kwa pembe iliyooza kutu, akatafuna bega la gomesi ya kijani. Syahuka alipoliona tundu, moyo ulimruka. Hakuwahi kusoma zaidi ya darasa la pili, wala hakujua cherehani. Alichojua ni shazia, ile sindano nene ya magunia, kwa sababu alikuwa mchukuzi mpakani Mpondwe ujana wake wote, na gunia la kahawa likipasuka mgongoni mwa mchukuzi, hushonwa papo hapo, mshono wa kupishana usiofumuka hata gunia liangushwe kutoka juu ya lori. Alitaka kuziba tundu tu. Lakini tundu lilikuwa pana, akakata kuzunguka meno ya panya, akakata tena kusawazisha, mwisho bega lote likawa limetoka na yeye amekaa na ukanda wa kijani mapajani.

Hapo akamkumbuka Erina alivyokuwa akiketi barazani baada ya palizi, na vipande alivyoviomba kwa mafundi wa Bwera, akitengeneza tepe za nywele, vipochi, maua ya kitambaa ya kubandika kifuani. Hakuuza hata kimoja. Aliyepita njiani akasalimia vizuri, aliondoka nacho.

Ule ukanda Syahuka akauzungushia mshono wa gunia. Proscovia akaufunga kichwani, akaenda nao kanisani, akarudi na wasichana nyuma yake kama kifaranga aliyegeuka mama kuku. Wiki iliyofuata Syahuka alikata mkono wa pili wa gomesi, kisha kitenge, kisha kingine. Redio, ambayo alikuwa ameizoea kama mtu wa kugombana naye, ilinyamaza siku nzima naye asitambue. Sindano ilimwibia hasira kidogo kidogo, kama mwizi mwenye adabu.

Asuman, mpiga picha aliyepanga chumba cha jirani, mwenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege juu yake, alimwandama kwa utani kila asubuhi.

"Mzee, umetoka kwenye magunia umeingia kwenye nywele! Kesho tutakukuta unasuka."

"Lete hicho kichwa chako nikipime. Pengine akili zinamwagika kwa kukosa utepe."

Lakini siku ya ujumbe ule Asuman hakutania. Aliketi kizingitini, akasikiliza, akasema, "Twende sokoni, mzee. Gomesi za mitumba zimejaa. Tuchague zinazofanana, tujaze sanduku. Nani atajua?"

Proscovia alimtazama baba yake. Macho yake yalisema kubali. Watu wa Christophe walikuwa tayari wamechagua mbuzi kule Butembo, upande wa Kongo. Arusi ikivunjika mkekani, aibu ingevuka mpaka kabla ya mbuzi wenyewe.

Syahuka alifikiri kwa muda mrefu. Udanganyifu ulikuwa mlango mpana, naye si mtakatifu. Lakini aliwawazia mashemeji zake wakiondoka na jasho la mwanamke wasiyemjua, wakililia.

"Hapana," alisema. "Nimeanza kwa mkasi, nitamaliza kwa mkasi."

Siku zilizobaki hakushika jembe. Alimkatia kila shemeji mkoba, na katika kila mkoba aliunga ukanda wa kila vazi: kijani cha gomesi ya ubatizo wa Proscovia, manjano ya ndizi mbivu, kitenge cha siku ya ndoa, nyeupe ya kanisani. Mkono wake ukawa unajua njia wenyewe. Alipomaliza wa Sophie, kitinda mimba wa nyumba ile, akaipanga yote sandukuni akafunga kifuniko.

Proscovia alikuwa amesimama nyuma yake. "Baba, hujamaliza."

"Nimemaliza."

"Wa mama mkubwa sijauona."

"Diwani ana mikoba ya ngozi," alisema Syahuka, akauchomeka mkasi ukutani.

Jumamosi jua lilitoka limenawa uso. Akina Christophe walifika mapema na mbuzi wao, wakaketi chini ya turubai, na baba mdogo wa bwana arusi akawa anawachekesha watu: "Mpakani mbuzi walipita bure! Sisi njo tuliulizwa karata ya utambulisho!" Ndani mkeka ulikuwa umetandikwa. Nyuma ya pazia Proscovia alingoja, hajavikwa, vidole vya miguu yake vikionekana chini ya pindo.

Feresita aliingia na gomesi iliyopigwa wanga ikasimama mabega kama mbawa. "Shemeji," alisema, "sanduku."

Syahuka akalivuta, akalifungua, akarudi nyuma.

Nje mbuzi mmoja alipiga chafya.

"Nguo za mdogo wangu ziko wapi?"

"Ndizo hizo."

Feresita aliokota mkoba, akaugeuza, kidole chake kikasimama juu ya kijani. "Umezikata."

"Nimezikata."

"Nguo za marehemu, shemeji! Hata mwizi huiba nzima!" Sauti yake ilipasuka. "Kunjeni mkeka. Tunaondoka."

Nyuma ya pazia vidole vya miguu vilijikunja.

Syahuka alikuwa ameyaandaa maneno yake tangu mwaka ule wa mvua. Yalikuwa kooni sasa, yakisukumana kama watu wa foleni: daraja, mafuta, kura. Angeyatoa, na yangekuwa ya kweli, na binti yake angebaki nyumbani. Aliyameza. Yalipita kwa taabu kama kiazi kikavu.

"Mnapogawana," alisema, "gomesi nzuri humwendea mkubwa. Anayemfuata hupata kitenge. Sophie, msiba wa mama yenu, wewe uliondoka na nini?"

Sophie alitazama mkeka. "Soksi," alisema. Kisha, kwa kuwa ukweli ukianza haukubali kuishia njiani, akaongeza: "Na ilikuwa moja."

Mwanamke mmoja alijiziba mdomo, mabega yakamtikisika.

"Basi mimi nimegawa," alisema Syahuka. "Kata nilivyokata, hakuna humu aliyepata mkono na mwenzake akapata pindo. Kila mkoba una Erina mzima."

Sophie ndiye aliyekwenda wa kwanza. Aliuchukua mkoba, akauweka puani, akabaki hivyo. Alipouondoa, macho yalikuwa yanavuja lakini kigelegele kilichomtoka kiliwaamsha wote. Wakainama sandukuni, wakaitana, "Hii ndiyo ile aliyovaa siku tulipolowa Muhokya!", "Na hii, mnakumbuka?", mpaka sanduku likabaki bati tupu.

Feresita aliurudisha mkoba aliokuwa ameushika kwa mwenye nao, akauangalia mkono wake.

"Na wangu?"

Wadogo zake waliikumbatia mikoba yao.

"Wako," alisema Syahuka, "sikuushona."

Alikuwa ameingojea saa hii. Alitarajia itakuwa tamu. Lakini aliyesimama mbele yake hakuwa ofisi, wala kura, wala gari lililokosa mafuta; alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye kiganja kitupu, kama mtoto aliyerukwa chakula kikigawiwa, anayejikaza asilie mbele ya wadogo zake. Na alikuwa na kidevu cha Erina. Miaka yote hiyo Syahuka hakuwa amekiona.

"Keti, shemeji," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Kipande kimebaki, kinatosha utepe. Proscovia, toka huko. Lete uzi, umpime mama yako mkubwa kichwa."

Feresita aliutazama mlango. Kisha, polepole, wanga wote wa gomesi ukilalamika, akaketi mkekani. Proscovia akamzungushia uzi, akafunga fundo, akampa baba yake. Syahuka akashuka chini naye, akaanza kushona.

Nje waliona wamesahauliwa. "Baba mukwe!" aliita Christophe mwenyewe. "Tuko tunangoja! Mbuzi beko wanalia!"

"Wape majani!" alijibu Syahuka bila kuinua kichwa.

Sindano ilipanda, ikashuka, ikapishana. Feresita alisema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mkeka: "Lile gari, shemeji. Niliomba mafuta. Wakaniambia kesho. Nami nikarudi kuketi."

Uzi ulisimama hewani. Kwa neno hilo Syahuka alikuwa amehifadhi majibu ghala zima. Akauvuta uzi mpaka mwisho.

"Kichwa chako ni kipana kuliko vya wadogo zako," alisema. "Itabidi niunge kipande."

Sophie alikuwa wa kwanza kuangua kicheko. Kikawapanda wengine kama moto wa nyasi, na Feresita alijaribu kukizuia, kikampitia puani, kikamshinda, akacheka huku akijifuta macho kwa kiganja.

"Unga," alisema. "Unga, shemeji. Wadogo zangu wanajua, humu kichwani ndimo nilimoweka adabu yao yote."

Alifunga utepe ule mwenyewe, kitenge cha ndoa ya Erina juu ya paji, na ukampendeza hata akaacha kuwa diwani. Kisha akamwingiza Proscovia nyuma ya pazia. Walipotoka, bibi arusi alikuwa na ua la kijani kifuani na vigelegele vilivuka uwanja, vikavuka barabara, na wapita njia wakasimama. Baba mdogo wa Christophe alicheza mpaka kiatu kikamtoka. "Na sie, mukwe," alidai, "sasa tuko watu ya Erina. Yetu iko wapi?"

"Mtoto kwanza azaliwe," alijibu Feresita, "ndipo mje na vichwa vyenu!"

Asuman aliwapanga mbele ya nyumba, waliokaa na waliosimama, kila mtu na chake cha Erina kikitazama mbele. Alifumba jicho moja, akalifumbua.

"Mzee, cheka kidogo. Au wakubwa wamekataza?"

Syahuka alicheka. Kinywa kilifunguka chote, pengo na yote, na ndivyo picha ilivyomkuta.

Siku ya soko iliyofuata, mwanamke mgeni alisimama barazani. Alijitambulisha kuwa Wivine, kutoka vijiji vya Beni, ambako watu walikuwa wakiacha vyungu motoni na kukimbia vita kuja huku. Alikuwa na kifurushi kidogo kifuani. Aliketi bila kukiachia.

"Baba, njo weye unakataka nguo ya wafu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Hii iko kikwembe ya mama yetu. Tulitoka nayo moja tu. Na sie tuko wengi, hatuko fasi moja."

Syahuka alikipokea kitambaa, akakitandaza magotini. Kilinuka moshi. Kilikuwa kimefifia pindoni, lakini katikati maua yake mekundu yalikuwa bado yana nguvu.

"Nitajie majina," alisema.

Wivine alimtaja Kakule, mzaliwa wa kwanza. Kwa kila jina Syahuka alikunja kitambaa, akakibana alama kwa ukucha. Akataja wa pili, na aliyemfuata, akajitaja mwenyewe. Kisha akalitazama soko.

"Kuna Alliance, ule mudogo," alisema. "Lakini Alliance sijuwe kama iko muzima."

Syahuka alikunja kitambaa mara moja zaidi, akabana alama.

"Na yeye tumkatie," alisema, akainua uzi kwenye mwanga, akautafutia tundu la sindano.