Nywele za Kaunta Namba Tatu

Saa mbili kasorobo asubuhi, kabla ofisi ya vifurushi haijafunguliwa, mhudumu wa kaunta namba tatu alikuwa chooni mbele ya kioo, ameinamisha kichwa, anajidondoshea dawa utosini. Mililita moja. Aliisambaza kwa ncha za vidole kutoka utosini kuja mbele, hadi mahali paji la uso lilipokuwa likiishia zamani, kabla halijaamua kuhamia kisogoni.

Kazini walimwita Kioo. Jina lilimpata mwaka zilipofungwa taa mpya darini, naye hakulichukia. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi pale karibu na dirisha, akipokea vifurushi na kuvigonga muhuri, na mlinzi wa mlangoni aliwaelekeza wageni kwa kichwa chake. "Nyoosha moja kwa moja, yule anayewaka."

Kisha akaja meneja mpya na waraka. Ulisema wahudumu wa mbele wawe na mwonekano wa ujana. Asiyekuwa nao atahamishiwa stoo ya chini, ambako hakuna dirisha wala mteja, kuna rafu tu na panya mmoja mwenye uzoefu mkubwa. Ukaguzi ungefanyika baada ya miezi minne.

"Si mimi, mzee wangu," meneja alimwambia. "Ni waraka."

Waraka ulikuwa na sahihi yake.

Ndipo Kioo alipokwenda duka la dawa. Mfamasia alimweleza taratibu, bila kumwangalia kichwani, jambo ambalo Kioo alilihesabu kuwa heshima. "Unapaka asubuhi mililita moja, jioni mililita moja. Wiki za mwanzo hizo chache ulizonazo zinaweza kupuputika, usitishike. Subiri miezi minne. Ukiacha kupaka, zinaondoka. Na kila ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni."

Yote Kioo aliyafuata, isipokuwa hilo la mwisho. Alivitazama vidole vyake vilivyolowa dawa akaona kunawa ni kumwaga. Kwa hiyo kila asubuhi alitoka chooni na mikono yake mibichi, akaketi, akauweka mkono wa kushoto ukingoni mwa kaunta, pale ulipozoea kupumzika tangu aajiriwe.

Wiki ya sita, dada wa kaunta namba mbili aliacha kuhesabu stempu, akainama.

"Kioo, kaunta yako imeota nywele."

"Wapi?"

"Hapo kwenye kiwiko. Laini, kama za mtoto mchanga."

Kioo akatazama. Akajipapasa utosi, akatazama tena. "Zimepotea njia."

"Uliziandikia anwani? Wewe unafanya kazi hapa halafu unatuma mzigo bila anwani."

Akacheka, akarudi kwenye stempu zake, maana foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Nyumbani kitasa cha chumba cha kulala kilitangulia, kikafuatwa na mkono wa kiti cha sebuleni, kisha rimoti ya televisheni. Mkewe hakulalamika. Kitasa alikisuka mabutu mawili ili kisimwingie mtu machoni. Jioni moja, akichana mkono wa kiti, alisema bila kuinua uso:

"Baba watoto, nimekagua nyumba nzima. Kitasa kina nywele, kiti kina nywele, rimoti ndiyo usiseme. Nikajikagua mabega yangu. Hakuna hata unywele mmoja."

Kioo alikuwa akitazama taarifa ya habari. Alikuwa hajamwambia habari za waraka. Aliwaza stoo, akawaza dirisha, akasema, "Dawa inachelewa kidogo."

"Sikuulizi dawa," alisema mkewe, akaenda kulala.

Kufikia mwezi wa nne, kaunta namba tatu ilikuwa na nywele nyeusi, nzito, zenye njia katikati. Dada wa kaunta namba mbili aliwahi kila asubuhi kuzichana kwa kitana chake mwenyewe. Wateja waliacha kaunta zilizokuwa tupu wakapanga foleni pale, wapate kuegemea kitu laini wakati wakisubiri. Bibi mmoja, aliyekuwa akipokea kifurushi cha binti yake kila mwezi tangu Kioo aanze kazi, alizipapasa akasema zinamkumbusha marehemu mumewe kabla ya ndoa.

"Na wewe, mwanangu?" alimuuliza. "Kwako zitafika lini?"

"Zipo njiani, bibi."

Siku ya ukaguzi meneja alikuja na fomu. Aliangalia kichwa cha Kioo, kilichokuwa kimepoteza hata zile chache za pembeni. Akaangalia kaunta. Akaandika kwa muda mrefu.

"Kaunta inabaki," alisema. "Ina mwonekano wa ujana. Wewe unashuka stoo."

"Meneja, hizi nywele ni zangu."

"Ziko juu ya mali ya ofisi."

Dada wa kaunta namba mbili aliinamia stempu zake, akaanza kuzihesabu upya. Naye alikuwa na kichwa cha kukaguliwa, na zamu yake ilikuwa inafuata.

Kioo alikusanya kikombe chake na sweta, akashuka ngazi. Kwenye kiti chake akaketi kijana mwenye nywele nyingi, ambaye kila kifurushi alikitafuta robo saa.

Wiki ya pili kaunta ilianza kupuputika. Nywele ziliingia kwenye wino, zikanata kwenye bahasha, na katikati pakatokea uwazi wa duara, ukubwa wa sahani. Wateja walilalamika kwa maandishi. Meneja alimwita Kioo, naye akaeleza kama alivyoelezwa: ukiacha kupaka, zinaondoka. Basi kuipaka kaunta dawa kukaongezwa kwenye majukumu yake, chini kabisa ya karatasi, baada ya kufagia. Dawa ajinunulie mwenyewe, kwa kuwa waraka haukutaja dawa.

Alikubali. Ni dakika tano juu, karibu na dirisha, na wakati mwingine bibi yule huwa amewahi.

"Kumbe upo," humwambia.

"Nipo, bibi. Nipo chini."

Asubuhi na jioni hupanda na kichupa chake. Akifika ngazi ya mwisho, nywele za kaunta zote hulalia upande wake, na kijana huzirudisha kwa kitana ili zisimfunike kalamu. Kioo hudondosha mililita moja, akaisambaza taratibu kwa ncha za vidole hadi ukingoni, pale kwenye kiwiko. Kichwani hapaki tena, kichupa hakitoshi wawili. Kisha hupita chooni, akanawa mikono kwa sabuni hadi viganjani kusibaki kitu, akashuka.