Dirisha la Chiriku

Wanafunzi wetu wanaamini kwamba kengele ya mwisho ikishalia, sisi walimu tunakunjwa kama makoti na kutiwa kabatini mpaka kesho yake. Siwalaumu. Mtu anayekufundisha asubuhi kuzungumza na bundi, utamwazaje jioni akisugua sufuria? Lakini tunasugua. Tuna ndoa, tuna wakwe, tuna migongo inayouma. Na tuna nyumba za shule, ambazo zenyewe ni kisa kizima.

Nyumba ya mwalimu hujipanga kulingana na wenyewe. Akiongezeka mtu, inaongeza chumba. Akifa, inakiondoa. Haikosei, na haina haya. Mimi mimba yangu niliambiwa na nyumba: niliamka nikakuta ukuta wa ukumbini umevimba, na jirani yangu, mwalimu wa dawa, akapiga vigelegele dirishani kabla mimi mwenyewe sijajijua. Mume wangu alikuwa wa mwisho kupata habari. Yeye anafundisha Kuinua, yaani kunyanyua vitu bila kuvigusa, na somo hilo linaanza alfajiri, hewa ikiwa nyepesi. Habari za nyumbani humkuta jioni zikiwa zimepoa.

Mama mkwe wangu, ambaye tuliishi naye, alifia safarini, kwa mwanawe mwingine, mbali kabisa. Chumba chake kwetu kilifunga mchana uleule. Kitanda chake na kopo la ugoro vilisukumwa ukumbini taratibu, kwa adabu zote. Msiba tuliujua kabla mjumbe hajafika.

Kwa hiyo Chiriku alipokwenda kufundisha ng'ambo ya milima, na barua zake zikakatika, mimi sikutetereka. Chiriku ni binti yetu, wa kwanza na wa mwisho. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu ya mdomo. Walimu wenzangu walianza kuja mmoja mmoja na nyuso za matanga. Nikawa nawafungulia mlango wa chumba chake wakione: kitanda, viatu vyake vya zamani, pazia alilolishona mwenyewe vibaya.

"Chumba kipo," nikawa nawaambia. "Nyumba haisemi uongo. Nendeni mkawalilie wafu wenu."

Mwalimu mkuu aliposema labda ni vizuri tuweke matanga, nilimpa jibu ambalo sitalirudia hapa.

Baba Chiriku hakuwa akisema kitu. Alikuwa akikonda. Akakihama kitanda chetu, akawa analala kwenye kiti ukumbini, mgongo kauegemeza kwenye mlango wa Chiriku. Usingizi wenyewe wa kusinzia na kushtuka.

"Umehamia kitini?" nikamuuliza siku moja. "Kama nimekuchosha, sema."

"Kiti kinanifaa mgongo, Mama Chiriku."

"Mgongo gani? Huo ulionililia mwaka mzima kwamba kiti kinauumiza?"

Akatabasamu tu. Nilichukia lile tabasamu. Nilimwona mtu aliyekata tamaa juu ya mtoto na hana ujasiri wa kuniambia. Ajabu ni kwamba ndani ya chumba hakuwa akiingia. Ni pale mlangoni tu. Na darasani mambo yalikuwa mabaya zaidi: mtu aliyekuwa akiinua fahali mzima huku anapiga soga, sasa ndoo ya maji inamshinda. Niliwasikia wanafunzi kwenye ujia wakicheka kwamba mzee ameishiwa. Sikuwakemea, kwani mwenyewe nilikuwa nimemkasirikia.

Kisha akaanguka. Alianguka mbele ya darasa akijaribu kuinua kipande cha chaki.

Muuguzi wa zahanati ya shule alimpima, akanivuta pembeni. "Huyu amebeba nini?"

"Chaki."

"Mwalimu, acha mzaha. Moyo umechoka kama wa mpagazi. Kuna kitu kizito amekishikilia na hataki kukiachia. Akiendelea nacho, atakufa nacho."

Akamnywesha dawa ya usingizi. Baba Chiriku alipambana na kile kikombe kama mtoto. "Nisilale, nesi. Tafadhali, nisilale." Nikadhani ni homa inasema. Alipozama usingizini, nikaenda nyumbani kumchukulia nguo safi.

Nilikuta mlango wa Chiriku umefupika, kizingiti cha juu kinanifika kifuani. Viatu vyake vilikuwa tayari vimetolewa ukumbini, vimepangwa. Nikainama nikachungulia: kuta zimekaribiana, kitanda kinasogezwa kuja kwangu.

Nililia kwa sauti yangu yote. Nilijua kwamba saa ile ile, mahali nisipopajua, mwanangu anakata roho, na mimi nimesimama na suruali ya baba yake mkononi. Ukuta ukajifunga mbele yangu ukawa mweupe, laini. Nikakaa chini. Sijui nilikaa kwa muda gani.

Halafu ukuta ukatetemeka. Mlango ukaanza kuinuka, kwa taabu, ukipanda na kushuka, mpaka ukasimama. Chumba kikafunguka upya, kitanda na pazia vimo ndani.

Nyumba hairudishi kilichoondoka. Kila mwalimu anajua hilo. Nikaingia. Ukubwa ni uleule, rangi ni ileile, ila dirisha. Dirisha la Chiriku lilikuwa mashariki, juu ya kichwa cha kitanda. Hili lilikuwa magharibi, linatazama shule.

Nikaliangalia lile dirisha, na mambo yote yakaniingia kwa pamoja: kiti, ndoo ya maji, kikombe cha dawa. Chumba alichokishikilia kwa Kuinua kilikuwa kimemponyoka Baba Chiriku alipolala, na sasa ameamka, anakijenga kwa kumbukumbu. Nyumba haikosei. Anayekosea ni binadamu.

Nilimkuta ameketi kitandani, kakamata shuka kwa mikono miwili, jasho linamtiririka.

"Nguo umeleta?" akaniuliza, macho anayakwepesha.

"Baba Chiriku, dirisha umeliweka upande siyo."

Akalivuta shuka mpaka kidevuni.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza. Wewe ulikuwa darasani, mimi nilipitia nyumbani mara moja. Kikaanza kufunga, nikakidaka."

"Ukanyamaza."

"Ulirudi unaimba, Mama Chiriku. Uliingia jikoni unaimba. Ningeanzia wapi?"

Nilitaka kumpiga. Alikuwa ameniibia kilio changu. Msimu mzima nimewafukuza watu waliokuja kunipa pole, na yeye kanyamaza. Na papo hapo nilitaka nimpakate, kwa sababu msimu huo wote alimlilia mtoto peke yake, kwa ndani, huku mimi namgombeza kwa ajili ya kiti. Mwenzio anakonda mbele yako na wewe unafundisha lugha za wanyama! Mbuzi akikohoa nilimwelewa. Mume wangu sikumwelewa.

"Achia," nikamwambia.

"Nikiachia, atakuwa amekufa."

"Amekufa, mume wangu." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka. "Na ukifa wewe, nyumba itaniachia chumba kimoja. Nitakaa humo na nani?"

Akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia kwa sauti. Muuguzi akachungulia, akarudisha pazia.

"Atakuwa na nani pale?" akauliza. "Sitaki aondoke hakuna mtu."

"Atakuwa na mimi. Ngoja nifike. Kengele ya kwenda nyumbani ikilia, achia."

Nilirudi. Nikatandika kitanda, nikanyoosha lile pazia lililoshonwa upogo, ambalo sasa lilining'inia ukutani pasipo na dirisha. Nikakaa mlangoni. Kengele ikalia, watoto wakamwagika nje kwa kelele, na nikahisi ukuta unalegea taratibu.

"Haya, nenda, mama," nikamwambia. "Baba yako amechoka. Nenda."

Kilipomaliza kufunga, nikavikusanya vitu vilivyobaki ukumbini, nikavipeleka chumbani kwetu. Kisha nikarudi zahanati. Alikuwa amelala chali, mikono imefunguka, usoni damu imeanza kurudi. Nikadhani amesinzia. Nikavua viatu, nikajibanza kando yake kwenye kitanda kile chembamba, muuguzi aseme atakalo.

"Mama Chiriku."

"Ee."

"Lilikuwa upande gani?"

"Mashariki. Juu ya kichwa chake. Jua lilikuwa linamchoma machoni kila asubuhi, anatoka na kelele zake, analalamika mpaka chai inaisha. Miaka yote hiyo."

Nje, kuna mtoto alikuwa anamwita mwenzake wawahi nyumbani.

"Sikuwahi kuliona," akasema. "Asubuhi nilikuwa nimeshatoka, nipo na watoto wa watu. Nikirudi, namchungulia amelala, gizani."