Nyumba ya Ng'ambo ya Kilima

Yasna alilala tangu basi lilipotoka Concepción. Hata lilipopita kwenye lile handaki refu la kuingilia Lonquimay hakufumbua macho. Kondakta ndiye aliyemgusa bega.

"Mama, mwisho wa safari. Au unaendelea kulala mpaka Argentina?"

Akashuka na begi lake, theluji ikamfika kwenye vifundo vya miguu. Hamu yake ilikuwa moja tu: kitanda. Kwa miaka mingi alikuwa akifua shuka za hospitali, na zamu ikiisha alirudi nyumbani kumuuguza mama yake aliyepooza upande mmoja. Mama alipofariki, watu walimwambia kwamba sasa atapumzika. Hakupumzika. Aliomba zamu zaidi, maana chumba kilikuwa kimya mno. Safari hii ya likizo ya Julai alikuja kwa sababu kaka yake, Gastón, alimpigia simu na kumbembeleza, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Mke wa Gastón, Ximena, alimpokea kwa vifijo. Alimwandalia kitanda cha karibu na jiko la kuni, akamkaangia sopaipilla, maandazi ya boga, zikajaa sinia.

"Kula, wifi yangu, umekonda kama uzi! Kesho usiguse hata kijiko. Umekuja kupumzika."

Yasna alikula huku akijiuliza ukarimu huu umeanza lini. Baba yao, mzee Eleuterio, alikuwa kwenye kona yake, akinyonya kwa bomba chai chungu ya majani iitwayo mate. Alimshika binti yake mkono, akaugeuza, akautazama ulivyopasuka kwa sabuni.

"Mkono huu ni mzee kuliko wangu," alisema, akaurudisha taratibu kama kitu cha kuazima.

Tangu siku ya pili, mzee alianza kumtoa matembezi. Asubuhi wakishakunywa chai ile ya mate, alivaa poncho lake la sufu, akachukua fimbo na kumwita kwa kichwa tu. Walitembea hadi kwenye miti ya araukaria iliyosimama juu ya mji kama miavuli iliyobeba theluji. Siku nyingine walishuka mtoni, maji yakipita meusi katikati ya barafu. Mzee hakuuliza habari za kazi wala kwa nini hajaolewa. Walisimama, wakatazama, wakarudi. Yasna alichoka miguu, lakini uchovu huo ulikuwa wa aina nyingine, haukumkaa kifuani.

Sikukuu ya Bikira wa Karmeli ikafika. Baada ya misa walikula supu ya kuku, mzee akaenda kujinyoosha chumbani. Hapo Gastón akafunga mlango wa jikoni na kukaa mkabala na dada yake.

"Yasna, baba amekuwa mtu mzima. Mwezi uliopita alianguka uani. Mara anatoka asubuhi anarudi jioni, hasemi alikuwa wapi. Mimi niko barabarani na lori, Ximena ana duka lake. Tumefikiria aende kwako Concepción. Hospitali iko karibu."

"Kwangu? Chumba kimoja, Gastón."

"Kitanda cha mama si bado kipo?" Akainamisha kichwa kidogo. "Wewe ndiye uliyezoea mambo haya."

Ximena akamwongezea Yasna chai bila kuombwa. Kumbe boga lote lile lilikuwa kwa ajili ya neno hili. Yasna alitaka kupiga meza, lakini kupiga meza nako kunahitaji nguvu.

"Nitafikiri," alisema.

Hakufikiri. Alilala jioni ile akijua atakubali, kwa kuwa kukataa kulionekana kazi kubwa kuliko kumbeba mzee.

Asubuhi mzee alimwita tena kwa kichwa. Safari hii hawakuelekea kwenye miti wala mtoni. Walipanda kilima cha nyuma ya mji, theluji ikiwafika magotini, mzee mbele, Yasna akikanyaga alipokanyaga baba yake. Juu ya kilima palikuwa na gogo. Ng'ambo, chini kidogo, moshi ulitoka kwenye paa la nyumba ya mbao.

Yasna aliketi kwenye gogo ili atafute maneno ya kumwambia baba kwamba atamchukua. Alipotaka kuinuka, mwili ukakataa. Haukuuma mahali popote. Ulikataa tu, kama punda aliyechoka mzigo.

"Inuka, mwanangu, tumekaribia."

"Nakuja, Baba. Niache kidogo."

Machozi yakaanza kumtoka, bila kwikwi, na macho yakawa mazito. Mzee alilijua lile "niache kidogo". Aliwahi kumsikia mchunga kondoo mmoja akilisema zamani, kwenye dhoruba, na ndilo lilikuwa neno lake la mwisho. Akavua poncho akamfunika, akamchapa mashavu.

"Usilale! Nitajie ng'ombe wetu wa zamani. Yule mweupe aliitwa nani?"

"Baba, niache..."

"Mweupe!"

"Paloma."

"Na yule mkorofi, aliyekuangusha kwenye matope?"

"Candelaria. Hakuniangusha. Niliteleza."

"Alikuangusha, nilikuwepo!"

Huku akimbishia hivyo, mzee alitia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi uliokwenda mpaka bondeni. Mbwa akajibu. Akapiga tena. Baada ya muda wakasikia kengele, na maksai wawili wakatokea wakivuta sleji ya mbao ya kubebea kuni, nyuma yao mwanamke mnene mwenye kofia ya mwanamume.

"Eleuterio! Uliniahidi kuniletea binti, hukusema unaniletea gunia!"

"Nyamaza, Rosalba, mshike miguu."

Wazee wawili wakambeba Yasna, wakamlaza juu ya magome ya kuni. Alilala chali akitazama anga jeupe na mapua ya wale maksai yakifuka. Akaona haya. Halafu haya nayo ikachoka, ikamwacha.

Jikoni kwa Bi Rosalba walimtumbukiza miguu kwenye beseni la maji vuguvugu, wakampa bakuli la uji wa unga wa ngano uliokaangwa. Alipopata fahamu ya kutazama, aliona kando ya jiko sapatu za baba yake, zile alizomnunulia yeye mwenyewe, na brashi yake ya kunyolea dirishani.

"Tangu lini?" aliuliza.

Mzee akavua kofia. "Tangu tulipopanda viazi. Nilimsaidia mjane huyu kulima."

"Alikuja na jembe la kuazima, akaliharibu," alisema Rosalba. "Ikabidi arudi kulitengeneza. Mpaka leo hajamaliza."

Yasna hakucheka. Kitu kilimchoma: kaburi la mama lilikuwa bado halijaota majani vizuri. Akageuza uso ukutani. Rosalba akaelewa, akatoka kwenda kuwapa ng'ombe nyasi.

"Nilisikia maneno ya Gastón jana," mzee alisema. "Mlango ule ni mwembamba. Sitakuja kwako, Yasna. Nilitaka uone mwenyewe, sikujua nianzie wapi kusema. Mama yako ulimbeba wewe, mimi nilikuwa huku nakuja Jumapili mojamoja na kapu la mayai. Najua."

"Angalau ungeniambia mapema."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Wewe hasa."

Yasna aliyatazama maji ya beseni mpaka yakapoa. Hasira ilikuja, ikazunguka, haikupata pa kukaa. Mwishowe akasema, "Nina njaa," na mzee akainuka upesi kama kijana kumpakulia tena.

Jioni, Rosalba aliwarudisha kwa sleji. Gastón alipoelezwa kwamba baba anahamia kwa Bi Rosalba alipandisha sauti. "Mtu wa miaka ile! Na mjane! Watu watasemaje hapa mjini?"

"Waseme," alisema Yasna. "Na mimi simchukui, Gastón. Hata asingekuwa na pa kwenda, nisingemchukua. Siwezi tena."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia kaka yake "siwezi", na sauti haikutetemeka kwa sababu haikuwa na nguvu ya kutetemeka. Gastón akamtazama uso, kwa mara ya kwanza tangu afike, akakaa. Ximena akasema taratibu, "Kusema kweli, yule mama anapika vizuri."

Jumamosi Gastón alibeba godoro la baba yake mpaka juu ya sleji. Alinuna, lakini mafundo ya kamba aliyafunga yeye, akayakagua mara mbili.

Siku zilizobaki Yasna alizilala. Alilala mchana kwenye benchi la Bi Rosalba, akiamka mara moja moja kusikia wazee wakibishana juu ya chumvi, kisha usingizi unamchukua tena. Siku ya kuondoka mwili ulikuwa bado mzito, na zamu zilimngoja. Kituoni alimuuliza karani kama kuna basi la kesho kutwa. Lilikuwepo. Akabadilisha tiketi, akampigia simu msimamizi wake kusema atachelewa, akarudi kupanda kilima polepole, akipumzika kila alipochoka.