Chemchemi Inayopumua

Serikali iliipenda chemchemi ya Domisiana kuliko alivyoipenda yeye mwenyewe, na ushahidi wa mapenzi hayo ulikuwa mikaratusi arobaini.

Miaka minane iliyopita gari jeupe lilipanda kilima cha upande wa Nyamiaga, likashusha miche na bwana mmoja mwenye kofia. Bwana wa kofia alieleza kuwa chanzo cha maji kisicho na miti ni sawa na mtoto asiye na nguo. Mume wa Domisiana, ambaye sasa ni marehemu, aliuliza kama hakuna mti mwingine, maana mkaratusi hunywa kama mpagazi aliyetua mzigo. Akajibiwa kwamba mpango umesema miti, haukusema miti gani, na mkaratusi ndio uliokuwa tayari kitaluni. Basi ikapandwa. Ikastawi, hakuna anayeweza kukana. Ikanywa.

Zamani ndoo ya lita ishirini ilijaa Domisiana akisali Salamu Maria tatu. Siku hizi alimaliza rozari, matendo yote matano, na ndoo ilikuwa bado inamngojea Mungu. Ikabidi ashuke mtoni, chini kabisa bondeni, na kupanda tena na mzigo kichwani. Mwaka jana aliteleza, akavunjika mkono wa kushoto. Ulipona ukiwa umepinda, kama bawa la kuku aliyeponea chupuchupu.

Alichotaka kilikuwa kimoja tu: kibali cha kukata ile miti. Shamba lilikuwa lake, lakini miti ilikuwa ya mpango, na adhabu ya kuigusa ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji kwa herufi kubwa kuliko za tangazo la chanjo. Alikwenda ofisini mara sita. Mtendaji wa kijiji, Projestus, mzaliwa wa Nyamigogo kule Biharamulo, alikuwa mtu wa adabu. Kila mara alisimama, akaamkia, akatoa kiti, ndipo akakataa.

"Idara moja imesema ikatwe, inakausha maji," alimwambia. "Idara nyingine imesema isikatwe, imo kwenye taarifa. Mimi niko katikati, bibi, kama nyama ya sambusa."

"Nyama ya sambusa angalau huliwa ikaisha," alijibu Domisiana, akachukua fimbo yake.

Jumatatu moja Projestus akaja mwenyewe nyumbani kwa Domisiana, na safari hii hakungoja kiti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Leo ofisi imepotea njia?"

"Alhamisi tuna wageni kutoka mkoani. Mtaalamu, Bwana Shibuda, anakuja kupima chemchemi. Anapima kwa ndoo na saa ya simu. Ikijaa upesi, kijiji kinapata cheti cha utunzaji wa mazingira."

"Na isipojaa?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleza. Nyuma ya bomba linalotoa maji, kwenye mteremko, kulikuwa na kisanduku cha saruji chenye mfuniko, ambamo maji ya chemchemi hukusanyika kabla ya kutoka. Wanawake wanne wajifiche pale kichakani, na wakisikia mluzi wake wamimine madumu ya maji ya mtoni. Mbele, bomba litafoka.

"Wakija nyuma kutazama?"

"Nitawaambia kuna siafu. Bibi, nisaidie siku hiyo moja, na Ijumaa asubuhi kibali chako unacho."

Domisiana alitazama mkono wake uliopinda, akakubali. Mtu aliyeombwa auze uongo kwa bei ya ukweli hana budi kufikiri, na yeye alifikiri muda wa kutosha kumsindikiza Projestus hadi njiani.

Alhamisi walianza kubeba kabla ya jua. Yeye, jirani yake Esperansia na wengine wawili walipandisha madumu kumi na sita.

"Nimezaa watoto saba," alisema Esperansia, akitweta, "lakini chemchemi ndiyo ya kwanza kuilisha kwa dumu."

Saa nne wageni wakafika. Kutoka kichakani Domisiana hakuona ila viatu, na jozi moja ilikuwa nyeupe, viatu vya mtu ambaye matope ameyasoma tu. Mluzi ukalia. Wakamimina madumu manane mfululizo. Upande wa pili maji yalipiga ndoo kwa kishindo, na watu wakapiga makofi.

"Sekunde kumi na mbili!" Bwana Shibuda alipaza sauti. "Wale wanaosema mkaratusi unakausha maji, waje hapa waone! Huu ndio ushahidi. Naagiza mti hata mmoja usiguswe, na iongezwe mingine sitini."

Makofi yakazidi. Projestus naye alipiga, tena kwa mikono miwili.

Domisiana aliweka dumu chini. Kwa mkono wake mwenyewe, tena ule mzima, alikuwa amemwaga ushahidi. Hiyo Ijumaa aliyoahidiwa ilikuwa imekufa akiitazama.

Bahati ilikuja kwa njia ya mpiga picha. Alisema simu yake haikurekodi, na bila picha mkoani hawataamini. Ikaamuliwa kipimo kirudiwe. Mluzi ukalia. Ukalia tena. Bomba likadondosha tone moja, likasita, likadondosha la pili.

"Mbona imekata?" aliuliza Bwana Shibuda.

"Inapumua!" alijibu Projestus upesi. "Chemchemi za huku hupumua kidogo."

"Inapumua," alirudia mtaalamu polepole, kwa sauti ya mtu anayeandika.

Projestus alizunguka nyuma mbio, kana kwamba siafu wamekuwa wa kweli. Akamkuta Domisiana amekaa juu ya dumu, na Esperansia amekaa juu ya lingine.

"Bibi, mimineni!" alinong'ona.

"Kibali."

"Kesho, nimekuahidi!"

"Kesho ameshaiua bosi wako. Nimesikia. Andika sasa hivi."

"Haiwezekani. Kibali lazima kipitie kamati, kisha kata, kisha..."

"Maji haya yamepitia mtoni, yakapitia kichwani kwangu, ndipo yamfikie mtaalamu," alisema Domisiana. "Hayakuruka ngazi hata moja. Andika."

Mbele mtu alikohoa. "Mtendaji, bado inapumua?"

"Inavuta ya mwisho!" alijibu Projestus, jasho likimtiririka kuliko bomba.

Akatoa ratiba ya mapokezi, akaandika upande wa nyuma wa karatasi, huku Esperansia akimpa mgongo wake awe meza. Muhuri ulikuwa kwenye mfuko wa shati. Mtendaji wa kijiji hutembea nao kama padre na msalaba. Domisiana alisoma neno kwa neno, akamrudishia.

"Umeandika 'baadhi'. Andika 'yote arobaini'. Na tarehe."

Akaandika. Wakamimina. Ndoo ikajaa kwa sekunde kumi na moja, rekodi mpya, na Bwana Shibuda akasema kupumua kumeisaidia.

Ijumaa alfajiri mume wa Esperansia na kaka zake walikuja na misumeno. Projestus alifika mti wa thelathini ukiwa chini.

"Bibi, agizo la mheshimiwa!"

"La lini?"

"La jana."

"Na kibali chako?"

"Cha... jana."

"Basi ni mapacha. Wapatanishe wewe, uliyekuwepo wakizaliwa."

Projestus alitafuta idara ya kulaumu, akaikosa. Mwishowe alifanya jambo la busara ambalo hakuna semina iliyomfundisha: alirudi ofisini na hakumwandikia mtu yeyote. Kwa kuwa hakuandika, haikutokea. Cheti kilikuja, kikatundikwa karibu na tangazo la adhabu.

Baada ya masika mawili, gari jeupe likapanda tena. Wafanyakazi wawili walishusha kibao cha chuma: MITI HII IMEONGEZA MAJI. USIKATE.

"Mama, miti iko wapi?" aliuliza mmoja.

Domisiana akawaonyesha visiki, alivyovichoma visichipue tena.

Wakasoma karatasi yao. Karatasi ilisema kibao kisimikwe mbele ya miti, haikusema miti iwe imesimama. Wakachimba, wakasimika, wakapiga picha kwa upande ambao visiki havionekani. Jua lilikuwa kali. Wakaomba maji ya kunywa.

Domisiana alikinga kikombe bombani. Maji yalitoka membamba, ikabidi wavumilie kidogo, lakini safari hii hayakuwa na mtu nyuma yake.