Dhambi ya Ampli

Kosa la kwanza lilikuwa la Zihindula mwenyewe, na hakulikana. Ampli ya kwaya, lile sanduku zee lenye lampe za kioo mgongoni, ilikuwa na lampe kubwa mbili. Moja ilipokufa alibadilisha hiyo moja tu. Nyingine si ilikuwa bado inawaka? Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, nani anatupa kitu kinachowaka?

Jumapili hiyo, mwaka 2011, akachomeka gitaa, akagusa uzi mmoja. Loo! Ampli ikaguruma, ikakoroma, kisha ikapiga yowe hadi watoto wakaziba masikio. Kanisa zima likageuka, na halikutazama ampli. Lilimtazama yeye.

Pasta Lwaboshi, mtu wa Fizi kule Kongo, akasimama. "Ndugu Zihindula, iki chombo kilitolewa kwa Mungu. Sasa kinakataa mukono yako. Uko na nini ya kutubu?"

"Pasta, ni lampe."

"Lampe hailie bure."

Basi, mjadala ukafungwa. Akapewa hadi Jumapili ijayo: atubu mbele ya watu, ama gitaa apewe Vainqueur, kijana ambaye akodi anazojua kupiga ni tatu tu. Kule Bukavu, Zihindula alikuwa mwalimu wa hesabu. Hapa kambini alikuwa mtu wa foleni tu, na bila ile gitaa hakuna ambaye angemwita kwa jina lake. Wakimnyang'anya, amekwisha.

Jumatatu akafungua mgongo wa ampli. Akabadilisha waya, wapi. Akaazima gitaa nyingine, kelele ni ile ile. Akachungulia lampe mpya, akaiona imeiva tumboni, nyekundu kama kaa la moto kwenye jiko la mbaula. Akazima, akangoja ipoe, akaitoa kushoto akaifunga kulia. Wekundu nao ukahamia kulia. Akacheka peke yake mle kanisani. Shetani gani huyu anayehama na lampe?

Kesho yake akaenda Lilongwe, mtaa wa Chilinde, kwa Robert, fundi wa redio. Robert alizipima zote mbili, akatikisa kichwa. Hizi hufungwa jozi, alisema, zenye nguvu sawa. Ukifunga mpya na iliyochoka, mpya inabeba mzigo wote mpaka inaungua. Jozi nzima angeipata Jumamosi. Zihindula akangoja mtaa wa Mtandire, mle mle Lilongwe, kwa Bwana Delphin, rafiki yake wa tangu Bukavu, akiosha shati lile lile kila jioni.

Jumapili alfajiri akapanda gari, akapitiliza moja kwa moja kanisani na lampe zake zimeviringishwa kwenye taulo. Akazifunga kabla watu hawajajaa. Alipogusa uzi, sauti ikatoka safi, nene, tamu, mpaka mwenyewe akasisimka. Kanisa likalipuka kwa vigelegele.

"Pasta, ilikuwa lampe," alisema, akiinua ile iliyoungua ili kila mtu aione. "Hii hapa, mutazame!"

"Njo vile," Pasta Lwaboshi akajibu, anatabasamu. "Kisha ya toba, lampe inapona. Bibi yako Fortunée alitubu Ijumaa pa nafasi yako. Mungu amekusamehe."

"Nimesamehewa nini?"

Haleluya zikamfunika. Mama Gertrude wa kwaya akamshika mkono, machozi ya furaha yanamtoka. "Pole, mwana wangu. Shetani ni mubaya." Lampe iliyoungua hakuna aliyeitazama. Akabaki na gitaa yake, akapiga nyimbo zote za siku hiyo.

Baada ya ibada akamvuta mkewe Fortunée nyuma ya kanisa. "Ulisema nini kwa bazee ba kanisa?"

"Nilidanganya, Papa Gabriella." Alikuwa akilia. "Balisema kama hakuna toba batapana gitare kwa Vainqueur. Ungekufa na huzuni. Njo nikasema uko na mwanamuke kule Mtandire. Sikupata uwongo ingine."

"Fortunée! Ulinichafua hivyo mbele ya watu wote?"

"Nilikuokoa."

"Ilikuwa lampe! Nimebadilisha lampe mbili, basi! Utubu usitubu, ingelia vizuri tu!"

 Fortunée alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akamtazama mumewe kuanzia viatu hadi shati, lile lililooshwa vizuri sana kwa mtu aliyelala ugenini siku tano. Kilio kikaisha.

"Nilitubu Ijumaa," alisema polepole, "na leo imepona. Ni nani ule mwanamuke?"