Kisanduku cha Mtu wa Kuuliza

Oswald alipofika Kigali kutoka Mwanza, mkuu wa maabara alimkaribisha kwa msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Naye, kijana wa kupenda sifa, akaupokea bila kusita. Alikuwa amekuja kuwawekea programu ya kutunza taarifa za vipimo. Siku ya mafunzo alitamba kwamba hii ni programu huria, haina mwenyewe, na lolote wasilolipenda litabadilishwa papo hapo.

Aliyemwamini kwa moyo wote ni Mukashema, aliyetunza daftari la maabara miaka kumi na tisa.

"Oswald, hapa kwa kompyuta naandika wapi mtu wa kuuliza? Kuko wagonjwa hawana simu."

Akamfungulia daftari. Kando ya kila jina lisilo na namba palikuwa na maelezo kwa kalamu nyekundu. Ya mwisho yalisema: Jeremiah, mchukuzi, Nyabugogo. Muulize Kayitesi wa nyanya, lango la pili. Mukashema alikuwa amemwambia mgonjwa huyo asipoteze siku ya kazi kufuata majibu, watamfuata wao.

"Nitaongeza kisanduku cha kuandikia hayo wiki ijayo, mama," Oswald alisema, kisha akarudi kwenye rangi na michoro ya kumpendeza mkuu.

Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo. Mukashema alikumbusha mara mbili, ya tatu akaona haya. Daftari nalo lilifungiwa kabatini, kwa agizo la Oswald mwenyewe, eti watu wasirudie mazoea.

Majibu ya Jeremiah yalitoka wakati daftari limefungiwa: kifua kikuu. Programu ikayapaka kijani, maana yake kazi imekwisha. Hakuna aliyempigia, kwa kuwa hapakuwa na namba ya kupiga.

Mwezi wa pili tangu hapo, Mukashema alishtuka kulikumbuka jina lile. Wakaenda wote wawili sokoni Nyabugogo, wakapenya kati ya mizigo hadi lango la pili. Kayitesi aliendelea kupanga nyanya zake.

"Ni nyinyi watu wa maabara? Alikuwa anawangoja. Kila asubuhi iko ananiuliza kama mumefika. Tulimuzika Jumamosi."

Majuto ni mjukuu, na huyu wa Oswald alimkalia mapajani njia nzima ya kurudi. Alijichukia. Alipofika hakunywa hata maji. Aliketi akaongeza kisanduku, Mukashema amesimama nyuma yake.

"Imekuchukua muda gani?"

Alitamani kudanganya.

"Dakika kumi na mbili, mama."

Mukashema hakumlaumu. Alivuta kiti, akafungua ukurasa wa Jeremiah, na kwenye kisanduku kipya akaandika polepole, kwa kidole kimoja: Kayitesi wa nyanya, lango la pili. Kisha akahifadhi.