Alama Zilezile

Mdogo wangu Merrick amecheza raga ya kulipwa tangu ndevu hazijamuota, katikati ya mstari wa mbele wa skramu, ule msukumano wa timu mbili, pale vichwa vinapogongana.

Kila Julai, kabla ya msimu, daktari wa klabu huwapima wachezaji akili. Anakusomea maneno, unayarudia. Anakutajia tarakimu, unazirudisha kinyumenyume. Ukigongwa kichwa kwenye mechi unapimwa tena, na alama zikishuka unakaa nje. Kwa hiyo Julai wachezaji wanajifanya wajinga. Wanaruka maneno mawili matatu makusudi, ili hata wakigongwa alama zisipate pa kushukia. Merrick alikuwa bingwa wa ujinga huo. Tulikuwa tukicheka naye baa pale Cinderford mpaka bia inamwagika.

Mwaka huu hakucheka. Alitoka kwa mama akapotea, kwenye njia aliyoipita tangu utotoni. Mkewe, Bronwen, akamwambia, "Safari hii jibu kweli. Nijue naishi na nani." Akakubali. Mimi ndiye niliyempeleka, maana Bronwen hataki tena ashike usukani.

Nikamsubiri garini nikila pai. Akarudi, akakaa, mkanda hakufunga.

"Umefeli?"

"Nimefaulu. Daktari kanipiga bega. Kasema, 'Merrick, alama zilezile za mwaka jana. Kichwa jiwe!'"

"Sasa si vizuri?"

"Kaka, leo sikuruka hata neno moja. Nimejitahidi mpaka jasho limenitoka."

Nikaiweka pai chini: alama alizokuwa akizipata kwa kujifanya mjinga, leo kazipata kwa nguvu zake zote.

Wenzake wakapita na mabegi. Mmoja mwenye masikio yaliyovimba akagonga kioo. "Babu! Twende basi! Au tukuletee kiti cha magurudumu?"

"Ngoja nikukamate nikukunje kama shati!" Wakacheka, naye akacheka. Walipopita, kicheko kikamtoka usoni.

"Klabu inanipa mkataba mwingine," akasema. "Anayejua ni wewe tu. Mwaka mmoja, kaka."

Mimi maneno matamu sina. Naezeka mapaa, shule niliikimbia mapema. "Mwaka ujao utanisahau jina," nikamwambia.

"Nikiacha, mimi ni nani? Hata ukuta sijui kupaka rangi."

"Utanibebea vigae."

"Juu ya paa? Na kichwa hiki?"

Ulikuwa mzaha. Hakuna aliyecheka.

Akashuka. Akasimama muda mrefu akitazama uwanja, halafu akaelekea mlango wa daktari. Nikamfuata.

"Dokta," akasema, "alama zangu za miaka yote zilikuwa uongo. Za leo ndizo za kweli."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamvutia kiti, Merrick hakukaa.

Huko nje mazoezi yalikuwa yameanza, mtu wa katikati hayupo, wakawa wanaliita jina lake. Na kila walipoita, mdogo wangu aliitikia, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi niliyesimama karibu niliisikia kwa shida: "Nakuja."